Ustahimilivu si kisima kisichokauka: somo la COVID-19 kwa makazi yetu

Mwishoni mwa Machi 2020 nilizunguka vijijini katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda nikiwa na mabango ndani ya gari. Mengine yalikuwa ya Kiswahili, mengine ya Kinyarwanda na Kisomali. Yote yalisema yale yale: kaa nyumbani, nawa mikono, usikusanyike na wenzako. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Kivu Kaskazini alilisoma bango hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nikifungiwa ndani na haya mawazo yangu, nani atanitoa humo?"

Sikuwa na jibu. Bango langu lilijua namna ya kuzuia kirusi. Halikujua kwamba kwa mama yule, kwaya ya Jumamosi, foleni ya maji na kikao cha likelemba ndivyo vilivyokuwa dawa yake ya kulala usiku.

Swali lake linastahili kujibiwa leo, kwa sababu mbili. Kwanza, milipuko haijakoma. Mwaka 2022 Ebola iliingia Mubende na kufika hadi wilaya ya Kyegegwa, ambako ndiko yaliko makazi ya Kyaka II. Mwaka 2024 mpox ilivuka mpaka kutoka Kongo, na tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Mwaka 2025 Ebola ilirudi tena, safari hii ikianzia Kampala. Pili, fedha za misaada zimepungua. Mwaka 2025 karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye mgao wa chakula wa WFP, na huduma za ushauri nasaha zimekuwa miongoni mwa zinazokatwa mapema, kwa kuwa mtu mwenye kidonda cha moyo haonekani akivuja damu.

Wakati huo huo, neno moja linazidi kusikika kwenye mikutano na ripoti zetu: ustahimilivu. Tunawasifu wakimbizi kwa ustahimilivu wao. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla ya kusifu, tujiulize ustahimilivu huo unatoka wapi, nani anaujaza, na unaisha lini.

Akiba isiyoonekana

Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Marekani, Stevan Hobfoll, alitoa maelezo rahisi kuhusu msongo wa mawazo. Alisema binadamu hutumia maisha yake kukusanya na kulinda vitu anavyovithamini. Baadhi vinashikika, kama nyumba, chakula na fedha. Vingine havishikiki: heshima mbele ya watu, marafiki, kujiamini, tumaini. Msongo huja pale mtu anapovipoteza, au anapoona viko karibu kupotea.

Jambo muhimu zaidi katika maelezo yake ni kwamba hasara huzaa hasara. Mwenye akiba nyingi akipoteza kimoja, hukifidia kwa kingine. Mwenye akiba kidogo akipoteza kimoja, cha pili hufuata.

Hapa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Aprili 2020, wiki chache baada ya marufuku za corona kuanza, WFP ilipunguza mgao nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Waliokuwa wakipokea pesa taslimu walishuka kutoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi hadi 22,000. Februari 2021 wakashuka tena hadi 19,000. Sasa fuata nyayo za hasara hiyo ndani ya nyumba moja. Pesa imepungua, kwa hiyo mchango wa likelemba haupo. Mchango haupo, kwa hiyo mama anaona aibu kwenda kikaoni. Haendi kikaoni, kwa hiyo wale wanawake kumi na tano waliokuwa wakimuuliza "umelalaje?" hawamwoni tena. Baada ya miezi mitatu amepoteza pesa, marafiki na usingizi. Ukimkuta katika hali hiyo utasema ana tatizo la akili. Ukifuata nyayo kinyumenyume utafika kwenye mgao.

Mtaalamu mwingine, Aaron Antonovsky wa Israel, alitazama jambo hili kwa upande wa pili. Alipochunguza afya za wanawake, wakiwemo walionusurika kambi za mateso za Wanazi, hakuuliza tu kwa nini wengi waliumia. Aliuliza kwa nini baadhi yao, baada ya yote hayo, walikuwa wazima. Jibu lake lilikuwa na sehemu tatu: mtu husimama imara anapoelewa kinachomtokea, anapoona ana namna ya kukikabili, na anapoona bado kuna maana ya kujitahidi.

Tukiunganisha mawazo hayo na tuliyoyaona wenyewe, tunapata akiba nne ambazo zilizilinda akili za watu wakati wa janga: kuelewa, kuweza, kuwa na watu, na kutumaini. Tuzipime moja baada ya nyingine.

Kuelewa: habari ni kinga

Hofu ya kitu usichokijua haina mipaka. Mwaka 2020 WhatsApp ilifika vijijini haraka kuliko magari yetu. Watu waliambiwa kwamba corona ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba pombe kali inaua kirusi, kwamba ukipelekwa karantini hurudi. Aliyesikia hayo usiku hakuweza kulala, na hakuwa mjinga. Alikuwa akijaza kwa uvumi pengo ambalo sisi tuliliacha wazi.

Kosa letu halikuwa kuchelewa tu. Tulipeleka amri tukasahau sababu. "Usikusanyike" ni amri. "Kirusi hiki husafiri kwa pumzi, hewa ya nje huipunguza nguvu, kwa hiyo mkikaa nje, mkiachana hatua mbili, hatari hupungua sana" ni maelezo. Mwenye amri hungoja amri nyingine. Mwenye maelezo anaweza kuamua mwenyewe namna ya kumtembelea jirani mgonjwa bila kumwambukiza wala kuambukizwa.

Kuweza: mikono yenye kazi

Mtu anayeketi akisubiri kuokolewa huchoka akili mapema kuliko anayefanya jambo, hata dogo. Janga lilipoanza, mafundi cherehani wakimbizi katika makazi mengi waligeukia kushona barakoa. Kule Kakuma, Kenya, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa na kiwanda kidogo cha sabuni alishusha bei na kuanza kuuza vipimo vidogo ili kila nyumba imudu kununua.

Kazi hizo zilileta shilingi, lakini zilileta na jambo jingine: zilibadilisha nafasi ya mtu katika habari ya janga. Hakuwa tena mtu wa kuhurumiwa tu, alikuwa mtu wa kutegemewa. Heshima hiyo ni akiba. Ndiyo maana inasikitisha kwamba katika milipuko iliyofuata bado tumeona sabuni na barakoa zikinunuliwa mijini na kuletwa kwa malori, huku cherehani za vijijini zimefunikwa kitambaa.

Kuwa na watu: akiba iliyofungwa kwa kufuli

Kati ya zote nne, hii ndiyo iliyoumia zaidi. Tarehe 18 Machi 2020 serikali ya Uganda ilitangaza kufunga shule, makanisa na misikiti na kuzuia mikusanyiko. Usafiri wa umma ukasimama, kisha ikaja amri ya kutotoka usiku. Shule zilifunguliwa kwa baadhi ya madarasa, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo. Wanafunzi takriban milioni 15 waliathirika, watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji kwa pamoja, kwa sababu wanakaa dawati moja.

Sisemi kwamba hatua zile hazikuwa na sababu. Makazi yana watu wengi, zahanati ni chache, na hakuna aliyejua kirusi kingefanya nini. Ninachosema ni kwamba gharama ilihesabiwa nusu. Tulihesabu vitanda, hatukuhesabu vikao. Kwa mtu mwenye nyumba ya vyumba vitano na intaneti, kukaa nyumbani ni usumbufu. Kwa familia ya watu wanane chini ya hema moja, ni kuondolewa nguzo zote kwa siku moja: ibada, shule, soko, kikundi cha akiba, kilio cha pamoja msibani.

Msiba ndio uliouma kuliko yote. Kwa watu wetu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wenyeji wa Isingiro vilevile, marehemu hazikwi na familia peke yake. Watu hulala nje ya nyumba, hupika pamoja, huimba, humkumbuka. Ndivyo huzuni inavyogawanywa ili kila mmoja abebe kipande. Mwaka 2020 huzuni haikugawanywa. Wapo waliozika wakiwa wachache, haraka haraka, na hadi leo hawajamaliza kulia.

WHO ilieleza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana na wanawake ndio walioathirika zaidi. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa dunia nzima, msomaji unaweza kupima mwenyewe ilikuwaje kwa mtu ambaye tayari alikuwa amebeba vita mgongoni.

Kutumaini: mlango ulio wazi kidogo

Tumaini halihitaji ahadi kubwa. Linahitaji dalili. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka hata kwa wanaoomba hifadhi. Kisha mwanzoni mwa Julai 2020, kwa siku chache, ilifungua njia katika wilaya ya Zombo ili Wakongo takriban 3,000 waliokuwa wamekwama baada ya kukimbia mapigano Ituri waingie, wapimwe na kukaa karantini. Kwa waliokuwa ndani ya makazi wakiwa na ndugu upande wa pili, habari ile ilikuwa na uzito kuliko semina yoyote ya ushauri nasaha. Ilionyesha kwamba ugonjwa unaweza kuzuiwa bila kufunga mlango wa uhai.

Imani ya dini ilifanya kazi kama hiyo. Wapo walioswali na kusali nyumbani kwa saa zile zile walizozoea msikitini au kanisani. Ratiba ile iliwagawia siku vipande vinavyobebeka.

Je, akiba hii inaweza kujengwa upya?

Inaweza, na ushahidi umetoka hapa hapa Uganda.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyokuwa yameumizwa sana na UKIMWI. Watu wenye dalili za sonona katika nusu ya vijiji walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na watu wa kawaida wa eneo hilo waliofunzwa kwa wiki mbili. Walizungumza kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Kabla ya vikundi, asilimia 86 yao walikuwa na vipimo vya sonona. Baadaye ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi ilishuka pia, lakini kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu.

Mwaka 2020 yakaja matokeo kutoka makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa nchi. Wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14, walishiriki utafiti wa mpango wa WHO uitwao Self-Help Plus. Nusu ya vijiji ilipata mafunzo ya vipindi vitano: sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, kitabu cha michoro, na wawezeshaji wa hapo hapo wasio madaktari. Walifunzwa kutuliza mwili kwa pumzi, kuyatazama mawazo mabaya bila kuburuzwa nayo, na kutenda kila siku jambo dogo linaloendana na kile wanachokithamini. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wanawake wa vijiji vingine.

Tazama kinachofanana katika tafiti hizi mbili. Hakuna aliyengoja daktari wa akili kutoka Kampala. Lugha ilikuwa ya watu wenyewe. Na dawa yenyewe ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kuketi pamoja: kitu kile kile tulichokipiga marufuku bila kukitafutia mbadala.

Hoja ambayo lazima tuijibu

Kuna atakayesema: ikiwa vikundi vya wakimbizi wenyewe vinaponya kwa gharama ndogo, basi kupungua kwa misaada si tatizo kubwa. Wajitegemee, wastahimili.

Hoja hiyo inapindua mambo. Usione vyaelea, vimeundwa. Vikundi vya Masaka na Rhino Camp vilikuwa na waliofunzwa, waliosimamiwa, vitabu na redio, na mahali pa kuwapeleka waliozidiwa. Kikundi hakimtibu mtu mwenye kifafa au anayesikia sauti, huyo anahitaji dawa zahanati na mhudumu anayejua kuzitoa. Wala pumzi tano za taratibu hazimshibishi mtoto. Mtu aliyekula mara moja tangu jana hana tatizo la namna anavyofikiri, anafikiri sawasawa kabisa.

Kwa hiyo akiba za moyo na akiba za jikoni si mbadala wa kila mmoja. Zinalindana. Ukikata za jikoni, za moyo zitatumika kufidia, na kwa muda utaona watu wanasimama na utasema wamestahimili. Kumbe wanakula mbegu.

Mlipuko ujao: tudai nini?

Tusisubiri tangazo lingine ndipo tuanze kufikiri. Viongozi wa RWC na wenyeviti wa LC1 wanaweza kuanza sasa kuuliza maswali haya katika mikutano ya uratibu, na sisi wa mashirika tunapaswa kuyajibu:

1. Kabla ya kufunga mkusanyiko wowote, kuna mpango gani wa kuufanya kwa usalama? Kikundi cha watu 25 kinaweza kugawanywa kuwa vitano vya watu watano, nje, chini ya mwembe. Ibada inaweza kwenda redioni. Mazishi yanaweza kuwa na zamu.
2. Nani ataeleza sababu na si amri tu, kwa lugha gani, na watu watauliza wapi maswali yao?
3. Sabuni, barakoa na ujumbe wa redio vitatengenezwa na nani? Je, mafundi wa makazi na wa vijiji vya wenyeji wamepewa nafasi ya kwanza?
4. Wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, ambao hubeba hofu za watu wote, nani anawasikiliza wao?
5. Dawa za magonjwa ya akili na kifafa zimewekwa kwenye orodha ya vitu visivyokatwa?

Wenyeji na wakimbizi waulize maswali haya pamoja. Zahanati ni moja, shule ni moja, na kirusi hakiombi kitambulisho.

Na wewe leo, nyumbani kwako

Yapo pia ambayo hayasubiri mkutano. Chagua chanzo kimoja au viwili vya habari unavyoviamini, sikiliza mara moja au mbili kwa siku, kisha zima. Wape watoto ratiba hata kama shule imefungwa: saa ya maji, saa ya kusoma, saa ya mchezo. Mawazo yanapokujia mengi usiku, weka mkono tumboni, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, sikia miguu yako ikigusa chini.

Jirani akiwa na hali mbaya, kumbuka mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani hali, halali, haogi, au amejitenga na watu. Sikiliza bila kumkata wala kumwambia "wengine wana shida kuliko wewe". Muunganishe na mtu wa msaada: VHT, zahanati, mchungaji, imamu au ofisi ya ulinzi. Akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kulitoa. Nenda naye zahanati siku hiyo hiyo. Kwa jambo la mtoto, namba ya bure ya Sauti 116 inafanya kazi nchini Uganda.

Mama yule wa Kivu Kaskazini nilimwona tena mwaka 2022, kwaya ilipokuwa imerudi. Aliniambia wakati wa marufuku walikuwa wakiimba kila mmoja mlangoni kwake, jioni, mmoja akianzisha na nyumba ya tatu ikiitikia. Hakuna shirika lililowafundisha. Wala hakuna bango langu lililowaambia kwamba inaruhusiwa. Mlipuko ujao, bango la kwanza liwe na habari hiyo.